Si Mnapuliza Tu?

Bajeti ya harusi ya Dar es Salaam ina ngazi zake. Juu kabisa kuna ukumbi, anafuata mpishi, halafu mpambaji, halafu MC anayelipwa kwa kutukumbusha tuzime simu, halafu yule kijana mwenye kamera inayoruka juu ya vichwa vya watu. Ukiendelea kushuka, ukapita keki, ukapita maji ya kunywa na barafu, umekaribia kabisa neno "dharura", ndipo unapokuta "matarumbeta". Wenzetu wote wameandikwa kwa kalamu. Sisi tumeandikwa kwa penseli.

Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayepigiwa simu ya kufutwa. Mwenyekiti wa kamati hupiga usiku, kikao kikiisha, na huanza na shikamoo hata kama ana mvi kunizidi. Nikiisikia shikamoo hiyo najua bei imeshashuka. "Mwalimu wangu, kamati imekaa, imeiona bei yako. Hatukatai, kazi yenu ni nzuri mno. Lakini mwalimu, DJ ana mitambo na jenereta. Mpambaji ana vitambaa vya kufua. Mpishi ana mkaa. Nyie si mnapuliza tu?"

Basi tuizungumze hiyo pumzi, maana kamati inaamini ni ya bure kwa kuwa Mwenyezi Mungu hajawahi kuituma ankara.

Chukua tarumbeta, puliza kwa mapafu yote uliyojaliwa. Utasikia upepo unapita, basi. Sauti haitoki kwenye pumzi wala kwenye shaba. Inatoka kwenye midomo: uibane, ishikamane, kisha hewa ilazimishwe kupita katikati mpaka nyama ile itetemeke. Noti ya A, ambayo wapigaji wengi duniani huitumia kupatanisha vyombo, ni mitetemo 440 kwa sekunde moja. Mheshimiwa mwenyekiti atikise kiungo chochote cha mwili wake mara 440 kwa sekunde, halafu tukae tuzungumze bei.

Watoto wapya nawaambia watoe pumzi kama mtu anayetema kipande cha uzi kilichogandia kwenye ncha ya ulimi. Siku ya kwanza darasa zima linatema, na waliokaa mstari wa mbele wanalowa. Siku za kufuata wanavimbisha mashavu. Nikiwakataza, yupo mmoja aliyekwisha kumwona Dizzy Gillespie kwenye simu ya kaka yake, mashavu yamejaa pomoni na dunia nzima inampigia makofi. "Mwalimu, mbona huyu?" Sasa umweleze nini mtoto? Na ubaya wa Gillespie hauishii hapo. Mwaka 1953 watu walimwangukia tarumbeta yake kwenye sherehe, ikapinda, kengele ikaangalia juu. Akaijaribu, akaipenda, akaendelea kupiga tarumbeta zilizopinda maisha yake yote. Mwanafunzi wangu akiangusha tarumbeta ya shule kwenye ngazi, jina la kwanza kutajwa ni Gillespie.

Halafu kuna vile vitufe vitatu, ambavyo humdanganya kila mtu. Mtoto anatazama kinanda, anaona vitufe mlolongo mzima, vyeupe na vyeusi. Anatazama tarumbeta, anaona vitatu. Anachagua tarumbeta, akijua amepata somo jepesi. Hajui kwamba bila kubonyeza hata kimoja ndani ya bomba lile kuna do, so, do nyingine, mi, so nyingine na kuendelea huko juu, na anayechagua itoke ipi ni mdomo. Vitufe vinarefusha bomba tu: cha kwanza kinashusha sauti kwa toni nzima, cha pili kwa nusu toni, cha tatu kwa toni na nusu. Kabla Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, hawajakata hati ya ubunifu wao kule Berlin mwaka 1818, mpiga tarumbeta alikuwa hana hata hivyo vitatu. Alikuwa na mdomo wake na Mungu wake. Na wenye harusi nao, naamini, walimuuliza kama si anapuliza tu.

Watu hudhani mwalimu wa bendi aliajiriwa awe mwalimu wa bendi. Barua yangu ya ajira inasema Jiografia. Bendi imo kwenye ile sentensi ya mwisho, "pamoja na majukumu mengine utakayopangiwa na mkuu wako wa kazi". Kwa hiyo asubuhi nafundisha mvua za misimu na safu za milima, na saa tisa alasiri, wenzangu wa Hisabati na Fizikia wakielekea kwenye masomo ya ziada yenye bahasha, mimi naelekea chini ya mwembe na majukumu mengine. Sina bahasha. Mzazi yupi atoe hela mwanawe akafundishwe tuba? Mzazi akimwona mwanawe kabeba tuba, huja kuniuliza kama uti wa mgongo hautapinda.

Mama mmoja alikuja na lake. Kasikia namfundisha mwanawe kutema mate sakafuni. Nikamwonyesha kile kitufe kidogo cha chini ya bomba, nikamweleza kuwa yale kwa sehemu kubwa ni maji: pumzi ya moto ikikutana na shaba baridi inageuka matone, na yasipotolewa sauti inaanza kugugumia. Ni somo la mvua hilohilo, mama, tunalifanya ubaoni. Hakuridhika. Tangu siku hiyo mtoto huja mazoezini na kitambaa kilichodariziwa jina lake, na mwenzake aliyechomekea vizuri hutumia soksi.

Ila kama kuna jambo lililoninyima usingizi katika kazi hii, si mate wala bahasha. Ni Wajerumani na Waingereza.

Mimi nilianzia kanisani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893, na ambako Pasaka isiyo na matarumbeta watu huitazama kwa huruma. Kikundi chetu kilifuata mapokeo ya kanisa la Ujerumani, yale yaliyoenezwa na Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki mwaka 1941. Kuhlo alitaka mpulizaji asome noti zilezile za kitabu cha nyimbo zilizo mbele ya mpiga kinanda, bila kubadili kitu. Tarumbeta yetu ya kawaida, ukiacha vitufe vyote juu, inakupa B-flati. Sisi tukaiita B-flati, tukalala. Lakini bendi za jeshi na polisi zilirithi utaratibu wa Kiingereza, na kwa utaratibu huo sauti hiyohiyo, ya chombo hichohicho, vitufe hivyohivyo vikiwa juu, inaandikwa C. Waingereza wana sababu zao, nami nilizisoma chuoni nikazifaulu, lakini hazinisaidii kitu ninapokuwa na watoto wawili kwenye benchi moja, mmoja kafundishwa Jumapili kanisani kwao, mwingine kafundishwa na mjomba wake mstaafu wa bendi ya polisi.

Naandika C ubaoni. Wa kanisani anatoa C. Wa mjomba anatoa B-flati. Kila mmoja yuko sahihi, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa dharau, na mlinzi wa shule anafunga dirisha la kibanda chake. Tuliwahi kuupiga hivyo wimbo mzima mstarini asubuhi, toni moja imetutenga mwanzo hadi mwisho. Mkuu wa shule alisimama akatupongeza kwa kuweka vionjo.

Mpiga kinanda wa kwaya naye asinichekeshe. Kinanda chake cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mwimbaji akisema wimbo uko juu, yeye anabonyeza mara mbili, anajikuna kidevu, anaendelea na vidole vilevile. Kisha ananigeukia: "Mwalimu, tumeshuka toni, tuendelee." Tumeshuka na nani? Wewe umebonyeza. Mimi natakiwa nihamishe kila noti kichwani huku napuliza, huku natembea, huku nimevaa koti zito lenye kamba za dhahabu mabegani kwa joto la Februari.

Vyombo vyenyewe vinakaa stoo, baina ya majembe na sufuria za uji. Ufunguo wa stoo uko kwa mwalimu wa miradi, na mwalimu wa miradi yuko shamba. Nikiupata ufunguo nakuta mtu kaegemeza mfuko wa mahindi juu ya tromboni. Tromboni haina vitufe, ina mrija unaoteleza na nafasi saba, na mrija huo ukipinda kidogo tu hauendi popote. Unabaki na nafasi moja, ile uliyoupindia. Halafu wako wale vijana wanaopita mtaani na mizani wakinunua vyuma chakavu. Wamekwisha kuchungulia dirishani. Wao pekee mtaani kwetu ndio wanaojua thamani ya tuba, wanaijua kwa kilo, na bei waliyonitajia, nasema ukweli, haikuwa mbali na ile ya kamati ya harusi.

Kikiharibika chombo, matengenezo ni shughuli ya peke yake. Fundi wa kuchomelea mageti hakopeshi imani: anasema "lete", anawasha mashine, na kabla hujamaliza kusema ngoja kengele ya tarumbeta ina tundu la kupitisha kidole. Shaba ya chombo haichomelewi hivyo, inaungwa kwa risasi na moto wa taratibu. Nilizunguka sana mpaka nikagundua kwamba watu wanaoijua kazi hiyo ni mafundi wa rejeta, maana rejeta za zamani nazo ni shaba na huungwa hivyohivyo. Nikampata mmoja eneo la Gerezani, jitu la miraba minne, mkono mmoja unaizunguka tuba nzima. Akaziba ufa, akanipa chombo, kisha akasema lazima akijaribu kama hakivuji, kwani rejeta nazo huzijaribu kabla mteja hajaondoka. Akaweka mdomo. Ikatoka sauti ambayo watoto wangu huitafuta muhula mzima. Leo ndiye mpiga tuba wangu wa harusi.

Vitufe navyo vinahitaji mafuta mepesi maalumu, ambayo shule haina kasma nayo. Ninatumia ya cherehani. Ndugu zangu walimu wa bendi, nawaombeni, msikubali alizeti. Alizeti hukauka ikaganda, kitufe kikashuka siku ya mahafali kisipande tena hadi muhula mwingine.

Mahafali! Mkuu wa shule hukumbuka kuwa tuna bendi siku tatu kabla ya mgeni rasmi. Mwaka mzima tukifanya mazoezi sisi ni kelele. Barua ya mgeni rasmi ikifika, ghafla sisi ni "taswira ya shule". Anataka maandamano ya kuingia, nyimbo mbili za kizalendo, kitu cha kuchezea wazazi, na wimbo wa taifa. Na wimbo wa taifa huo hunitia uchungu wa aina yake. Enoch Sontonga alipoutunga mwaka 1897 alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwongoza kwaya ya wanafunzi. Mwalimu wa shule! Mawaziri, majenerali, mabalozi wanasimama wima kwa kazi ya mwenzetu, pengine aliyekuwa na majukumu mengine. Na mimi ninayeupiga kila Jumatatu naambiwa, "Mwalimu, piga ubeti mmoja, jua kali."

Sisi walimu wa bendi tuna bahati hiyo ya kusahauliwa. Louis Armstrong alifyatua bastola hewani usiku wa kuukaribisha mwaka 1913 huko New Orleans, akakamatwa, akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia watoto. Aliyempa koneti humo ndani na kumfundisha aliitwa Peter Davis. Armstrong anajulikana mpaka kwa wauza kahawa wa Kariakoo. Mtaje Peter Davis kwenye kamati ya harusi uone kama hawatakuuliza ndiye mwenye ukumbi.

Hugh Masekela pia alikuwa mtukutu, mwanafunzi wa St Peter's, Johannesburg. Padri Trevor Huddleston akamuuliza ni kitu gani kitamfanya atulie. Tarumbeta. Padri akamtafutia tarumbeta, akamtafutia na wa kumfundisha, na mwaka 1956 Armstrong mwenyewe akawatumia vijana wale tarumbeta yake kutoka Marekani. Padri huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Habari hii nilimpelekea mkuu wa shule nikiwa na maombi ya kununuliwa tarumbeta moja, moja tu, nikiamini moyo wake utalainika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaguswa kabisa, akauliza kama huyo mzee Armstrong yupo tumwandikie barua ya msaada. Nikamwambia alifariki 1971. Akasema basi familia.

Turudi harusini. Bibi harusi anatolewa saluni, msafara unajipanga, na sisi tunapakiwa nyuma ya kirikuu, tumewageukia maharusi ili video ituone. Sasa fikiria: kipande cha shaba kiko mdomoni, nyuma yake ni midomo, nyuma ya midomo ni meno, na mbele ya gari, usikokuona kwa kuwa umegeuka, kuna tuta. Dereva wa kirikuu hajui muziki. Hapunguzi mwendo kwenye noti ndefu. Barabara zetu zina matuta ya halali, yaliyowekwa na serikali, na matuta ya wananchi, yaliyowekwa usiku baada ya mtoto kugongwa, na haya ya pili hayana alama yoyote. Mpiga tarumbeta wangu wa kwanza ameshazijua njia zote za Sinza na Tabata kwa mdomo; huanza kulegeza midomo kabla hata dereva hajaona tuta. Huo ni ujuzi. Chuoni haufundishwi. Kwenye ankara sijui niuandike wapi.

Tukifika ukumbini, MC anatangaza, watu wanasimama, mashangazi wanapandwa na mzuka, vitenge vinafungwa upya viunoni, na kwa muda wa nyimbo tatu hakuna anayemkumbuka DJ. Tunawaingiza maharusi mpaka mezani. Tunatoka nje tukapumue. Tukitaka kurudi ndani, mlangoni yupo kijana mwenye suti: "Kadi zenu, wazee." Mpiga tuba amevaa tuba, bomba la mita tano na ushee limemzunguka mwili mzima, na bado anaulizwa yeye ni mgeni wa upande gani.

Zamani haikuwa hivi. Kule Lamu na Pate walikuwa na siwa, moja ya shaba, nyingine ya pembe za ndovu, zikipulizwa kwenye harusi na sherehe za waungwana, na leo zinatunzwa kama dhahabu. Sidhani mpiga siwa aliulizwa kadi. Hata hapa karibuni, enzi za beni, bendi ilikuwa kitu cha kuogopwa: ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikasambaa na askari mpaka huku bara, ina makundi ya Marini na Arinoti yanayotambiana, ina vyeo vya wafalme na maofisa. Mwanahistoria Terence Ranger aliona inastahili kitabu kizima, akakiandika, kikatoka mwaka 1975. Mimi bendi yangu ina cheo kimoja tu, mhazini, na hana cha kuhazini.

Nyumbani nako sina pa kukimbilia. Midomo ni misuli. Ukiacha kuifanyisha kazi siku chache, noti za juu zinakukimbia. Kwa hiyo jioni nafanya mazoezi ya noti ndefu uani. Jirani wa kushoto huja kuniomba, kwa adabu kubwa, nimhurumie, ana presha. Baa iliyo kulia kwake inapiga muziki mpaka saa kumi alfajiri, spika zina ukubwa wa kabati, na sijawahi kumsikia akiipelekea adabu hiyo. Mke wangu amenitengea muda baina ya taarifa ya habari na tamthilia. Taarifa ikirefuka, mimi ndiye ninayefupishwa.

Misibani sina bei. Huko naenda tu, vijana wanakuja tu, tunapuliza mpaka mwisho, na nikiona mwenyekiti wa kamati fulani ya harusi amesimama pale makaburini na machozi yamemlenga, yule aliyenikata hela ya nauli, namwacha.

Juzi simu imelia tena. Shikamoo ndefu. Kamati imekaa, imetazama video zetu, imeridhika na kila kitu, ila ina hoja moja ndogo. "Mwalimu, yule bwana wa lile chombo kubwa. Tumemsikiliza vizuri. Noti zake ni mbili tu, pu na pu, wimbo mzima. Hawezi kulipwa nusu?"

Nikampa namba ya Gerezani, amweleze mwenyewe. Nikamshauri asipige mchana, kwa sababu mchana ana moto mkononi.